Kupima damu kwa mwanga: Sayansi ya Chiromo na stori za jaba za hemani

Unaijua hii stori. Kuna hema karibu na steji, spika inapiga kelele, na kuna kijana amevaa koti jeupe. Anakuita: "Buda, kuja upimwe mwili mzima, dakika moja tu." Unakaa. Anakupa kijichuma kilichounganishwa na laptopu kwa waya, unakishika, skrini inawaka rangi zote. Muda si muda printa inatema karatasi: ini limechoka, figo zina sumu, sukari iko karibu kupanda, mifupa haina kalisi. Na kwa bahati nzuri sana, dawa ya shida zote hizo iko hapo hapo mezani.

Hakuna damu iliyotolewa. Hakuna mkojo. Hata mate hukuulizwa.

Ukitaka kujua mashine inafanyaje kazi, utatupiwa maneno mazito mazito: mawimbi, kwantamu, nano. Hapo ndipo nataka tuongee, kwa sababu maneno yenyewe si ya uongo. Yameazimwa bila ruhusa. Kuna watu wanaosoma damu kwa mwanga kweli kweli, wakitumia chembe ndogo za madini, na baadhi yao wamefanya kazi hiyo hapa hapa Nairobi. Ukitoka Satellite ufuate Naivasha Road hadi Waiyaki Way, kisha uteremke kuelekea tao, utawapita kabla hujafika Globe. Ni Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Chiromo, Idara ya Fizikia.

Ukielewa wanachofanya wale, yule wa hemani hatakubabaisha tena. Twende polepole. Hauhitaji digrii kufuata hii.

Mwanga unaorudi ukiwa umebadilika

Chukua tochi ya leza yenye rangi moja safi, umulike kitu. Karibu mwanga wote utakaotawanyika kutoka kwa kitu hicho utakuwa na rangi ile ile uliyotuma. Lakini sehemu ndogo sana hurudi ikiwa na rangi tofauti kidogo. Kwa nini? Kwa sababu molekuli hazitulii. Zinatetemeka muda wote, kama nyuzi za gitaa, na kila aina ya molekuli ina mitetemo yake. Mwanga ukiigonga molekuli, unaweza kuiachia nguvu kidogo ya kutetemeka, ama kuchukua kidogo kutoka kwake. Nguvu ikibadilika, rangi nayo inabadilika.

Ni kama mathree za mtaa wenu. Haujaiona bado, lakini kwa mdundo tu unajua ni gani inakuja. Ukipima rangi zilizorudi zimebadilika kwa kiasi gani, unajua ni molekuli gani uliyomulika.

Aliyeligundua jambo hili ni Mhindi, C. V. Raman, akiwa na mwanafunzi wake K. S. Krishnan, mjini Kolkata. Tarehe 28 Februari 1928 ndiyo India huikumbuka hadi leo kama Siku ya Kitaifa ya Sayansi. Mwaka 1930 Raman akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, Mwasia wa kwanza kuipata katika sayansi. Ndiyo maana mbinu hii inaitwa jina lake.

Na haijakwama kwenye vitabu. Mwaka 2010 Nigeria, kupitia shirika lake la kusimamia dawa, NAFDAC, ilianza kutumia vifaa vya Raman vya kushika mkononi kukagua dawa feki. Unaielekezea tembe mashine, inatoa mchoro wa vilele na mabonde, kisha unaulinganisha na mchoro wa dawa halali. Usipofanana, kuna shida.

Sasa utauliza: kama ni rahisi hivyo kwa tembe, mbona tusifanye hivyo kwa damu?

Tatizo ni idadi

Mwanga hutembea kwa vipande vidogo vinavyoitwa fotoni. Katika kila fotoni milioni 10 hivi zinazotawanyika, ni moja tu inayorudi na rangi iliyobadilika. Moja.

Hebu tuiweke kinyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Chukulia kila mtu ni fotoni: Satellite, Kangemi, Kayole, Karen, wote. Hawatoshi kukupa hata mmoja aliyebadilika. Unahitaji Nairobi mbili na robo ndiyo umpate huyo mmoja, halafu umsikie katikati ya kelele za wenzake wote.

Tembe ina dawa nyingi iliyokaa pamoja, kwa hivyo molekuli zinazoimba wimbo mmoja ni wengi na utawasikia. Damu ni tofauti. Ina maji, chumvi, protini, mafuta, sukari, na kile unachotafuta huenda ni kidogo mno. Isitoshe, damu ikimulikwa huwa na mng'ao wake yenyewe unaofunika ishara ndogo. Kutafuta molekuli chache ndani ya tone la damu kwa Raman ya kawaida ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona ndani ya mathree yenye spika imefunguliwa mwisho.

Hapo ndipo fedha inapoingia. Namaanisha fedha ya madini, si ya M-Pesa.

Fedha inayopaza sauti

Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann na wenzake Patrick Hendra na James McQuillan waliweka kemikali iitwayo piridini juu ya kipande cha fedha kilichokwaruzwa kikawa na uso wa mikwaruzo midogo midogo. Ishara ya Raman ikaruka juu kuliko walivyotarajia. Wao walidhani mikwaruzo imeongeza tu nafasi ya molekuli kukaa. Mwaka 1977 makundi mawili mengine, moja la Marekani likiongozwa na Richard Van Duyne na lingine la Chuo Kikuu cha Kent, yalionyesha kwamba hesabu hiyo haitoshi. Fedha yenyewe ilikuwa inakuza ishara.

Inafanyaje? Ndani ya madini kama fedha na dhahabu kuna elektroni zinazozurura huru. Ukikata madini hayo kuwa chembe ndogo sana, za makumi ya nanomita, kisha ukazimulika, elektroni hizo zinayumba zote pamoja, kwenda na kurudi, kufuata mdundo wa mwanga. Ili upate picha ya udogo huo, unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Elektroni zikiyumba pamoja, nguvu ya mwanga inajirundika kwenye uso wa chembe, na zaidi kwenye mwanya mwembamba ambapo chembe mbili zinakaribiana. Molekuli ikiangukia mwanya huo, inamulikwa kwa nguvu zaidi. Na ikijibu, chembe zile zile zinaukuza pia mwanga unaotoka. Ukuzaji unafanyika mara mbili, kuingia na kutoka. Kwa hivyo uga wa mwanga ukiongezeka mara 10 tu pale mwanyani, ishara ya Raman inaweza kuongezeka kama mara 10,000. Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yaliripoti kwamba kwa njia hii yameweza kuona molekuli moja pekee yake.

Lakini kuna sharti: lazima molekuli iwe karibu. Karibu ya nanomita chache. Ukisogea kidogo tu, ukuzaji unakwisha. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Chiromo walifanya nini?

Kununua vioo maalum vilivyopangwa chembe za fedha kwa ustadi ni gharama, na vingi unavitumia mara moja unatupa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakachukua njia nyingine. Walitumia pesti ya fedha, ile nzito inayopitisha umeme na ambayo kazi yake ya kawaida ni kuunganisha vitu kwenye shughuli za kielektroniki. Wakaipaka juu ya slaidi ya kawaida ya kioo, kisha wakadondosha sampuli ya damu juu yake. Basi. Pesti hiyo ikafanya kazi ya kukuza ishara.

Mwaka 2017, Zephania Birech wa Fizikia pamoja na Peter Waweru Mwangi, Fredrick Bukachi na Keith Makori Mandela walichapisha matokeo katika jarida la PLoS ONE. Walichunguza damu ya panya wa maabara wenye kisukari cha aina ya pili. Pamoja na glukosi, walitafuta asidi amino mbili, lusini na aisolusini, kwa sababu walitaka kujua kama hizo zinaweza kuwa alama za ugonjwa.

Kwenye mchoro wa Raman walichagua vilele vitatu: 1125 kwa glukosi, 1395 kwa lusini na 1437 kwa aisolusini. Namba hizo ni kipimo cha jinsi rangi ya mwanga ilivyobadilika, na kila moja ni sawa na mdundo wa mathree tuliouongelea pale juu. Kwa panya wenye kisukari waliopewa dawa, vilele hivyo vilishuka vikilinganishwa na vya panya wagonjwa wasiopewa kitu.

Na sikiza hii. Dawa zilizolinganishwa zilikuwa mbili: pioglitazoni, ambayo inauzwa madukani, na dondoo la mmea wa Momordica spinosa, unaotumiwa kienyeji kutibu kisukari. Yaani mwanga ule ule ulitumika kufuatilia dawa ya kiwandani na dawa ya mitishamba kwenye damu, kwa kipimo kimoja, bila upendeleo. Wewe unayebishana na shosh kuhusu mitishamba kila Krismasi, hivi ndivyo mabishano hayo yanavyofaa kumalizwa: dawa zote mbili zinawekwa chini ya leza moja.

Mwaka huo huo wa 2017, Birech na watafiti wengine wakiongozwa na Ben Otange walichapisha kazi nyingine iliyotumia slaidi hizo hizo za pesti ya fedha, safari hii kutafuta virusi vya HIV-1 na protini yake ya p24 kwenye plazima ya damu.

Hata hivyo tusiruke ua. Kazi ya kisukari ilikuwa ya panya, si ya watu. Leo ukienda hospitali kupimwa sukari, utatobolewa kidole ama utatolewa damu ya kipimo cha HbA1c, na hivyo ndivyo inavyofaa. Pesti iliyopakwa kwa mkono nayo haina chembe zilizopangwa kwa mstari. Mahali pamoja pana mianya mingi, pengine pana michache. Ukimulika hapa unapata kilele kirefu, ukimulika pembeni unapata kifupi. Ndiyo maana watafiti hupima sehemu nyingi za slaidi moja, kisha wanatumia takwimu kutenganisha tofauti ya kweli na ya bahati. Na leza pamoja na hadubini ya kusomea yote hayo ni mtambo wa mamilioni ya shilingi. Haubebeki hadi zahanati ya mtaani.

Kwa hivyo swali linalofuata ni hili: tunaupunguzaje mtambo huo?

Jibu linaning'inia kwenye nguzo za mtaa wenu

Inua macho ukiwa Satellite. Kati ya nyaya zote zilizosongamana kwenye nguzo, kuna zile nyembamba za faiba zinazoleta intaneti kwenye ploti. Ndani yake ni kioo chembamba kinachopitisha mwanga. Mwanga ukiingia ndani, hautoki kando. Kila ukigonga ukingo unarudishwa ndani, kwa hivyo unafuata waya hata ukikunja kona. Huo ni mfereji wa mwanga.

Sasa, kuna siri ndogo. Mwanga haubaki ndani asilimia mia. Sehemu yake kidogo inachungulia nje ya ukingo wa mfereji, umbali mdogo sana, kisha inafifia. Kwa intaneti hilo halikusumbui. Kwa Raman ni bahati, kwa sababu molekuli iliyokaa juu ya mfereji inamulikwa na mwanga huo unaochungulia.

Unakumbuka lile sharti la ukaribu? Hapa linapata jawabu. Ukipanga chembe za dhahabu ama fedha juu ya mfereji, mwanga unaochungulia unazifikia pale pale zilipo. Chembe zinaukuza. Molekuli iliyokaa kwenye mwanya inajibu. Na sehemu ya jibu hilo inaingia tena kwenye mfereji ule ule na kusafirishwa hadi kwenye kipimo. Hauhitaji hadubini kubwa ya kulenga nukta moja. Mfereji ndio unaoleta mwanga, na ndio unaorudisha habari.

Hili limefanyika. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent na kituo cha imec, nchini Ubelgiji, akiwemo Frédéric Peyskens na Roel Baets, walionyesha mfereji wa silikoni naitraidi ulio juu ya chipu, ukiwa na vipande vya dhahabu vyenye umbo la tai ya shingoni. Mwanya wa katikati ya tai ndio uliokuza ishara, na mfereji ule ule ukamulika na kukusanya. Silikoni naitraidi ni kitu kinachotengenezwa kwa mashine zile zile za viwanda vya chipu. Maana yake, zikitengenezwa kwa wingi, bei ya kila moja inaweza kushuka jinsi ya vitu vingine vya elektroniki.

Njia nyingine ni kutumia faiba yenye tundu katikati. Unajaza tundu hilo sampuli ya majimaji, mwanga unasafiri nayo, na badala ya kumulika nukta moja, unamulika molekuli kwenye urefu wote wa faiba. Nyingine ni kupaka chembe kwenye ncha ya faiba, ukaichovya ndani ya sampuli kama kijiti cha kuonja mchuzi.

Lakini hata hapa hakuna cha bure. Madini pia hunyonya mwanga. Ukiweka chembe chache, ishara ni ndogo. Ukizijaza kila mahali, mwanga unamezwa kabla haujafika mwisho na ishara inakufa. Lazima kuwe na kipimo cha wastani. Kioo cha faiba nacho kina molekuli zake, na zikimulikwa zinaimba wimbo wake wa Raman, kelele ambayo lazima itolewe. Hayo ndiyo mambo yanayowakosesha wahandisi usingizi sasa hivi.

Kwa nini hii ikuhusu wewe

Kwa sababu kazi hii inaweza kugawanyika vipande, na si vyote vinahitaji kiwanda cha Ulaya. Chiromo wameonyesha kwamba sehemu ya kukuza ishara inaweza kuanza na slaidi na pesti. Mchoro ukishatoka, kazi ya kutenganisha vilele ni ya takwimu na programu, na hapo kuna vijana wengi wa Nairobi wanaoandika kodi usiku kucha. Mtaa huu unajua kufungua simu na kuirudisha ikiwa nzima. Kifaa kidogo cha kusoma mwanga si muujiza kwa watu kama hao.

Na kwa sababu yule wa hemani anakula pesa yako, na mbaya zaidi, anakula muda wako. Mtu mwenye kisukari akiambiwa na karatasi ya rangi kwamba "ini limechoka", akanunua chupa mbili na kurudi nyumbani, sukari yake inaendelea kuharibu macho na figo bila kelele. Na aliyeambiwa yuko sawa, kumbe hayuko, amedanganywa vibaya zaidi.

Kwa hivyo kabla haujalipa, uliza maswali matatu.

La kwanza: mnapima sampuli gani? Tumeona kwamba hata ikiwa na leza na fedha, molekuli inatakiwa iwe umbali wa nanomita chache ndiyo ionekane. Kijichuma ulichoshika kwa kiganja hakiwezi kuligusa ini lako.

La pili: mnalinganisha na nini? Watafiti walikuwa na panya wagonjwa waliotibiwa na wagonjwa wasiotibiwa, kisha wakataja vilele kwa namba. Kama mashine inatoa jibu bila kulinganisha na chochote, hilo ni jibu la kubahatisha.

La tatu: nani amewapa leseni? Maabara za kupima magonjwa nchini zinasimamiwa na bodi ya wataalamu wa maabara za matibabu, KMLTTB, na leseni inafaa iwe mahali unapoiona. Dawa zinasimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Ukiona mpimaji ndiye pia muuza dawa, na kila anayepimwa anapatikana na ugonjwa unaotibiwa na chupa iliyo mezani, haraka ya nini?

Na tafadhali, ukiuziwa maji ya "nano silver" ya kunywa kwa sababu eti wanasayansi wanatumia fedha, kataa. Fedha ya maabara inapakwa kwenye kioo, haimezwi. Mtu akimeza fedha kwa muda mrefu, ngozi yake inaweza kugeuka rangi ya kijivu na isirudi tena.

Kipimo cha damu kwa mwanga kikija mtaani kwa haki, utakijua. Kitakutoboa kidole bado, kitataka tone moja, na atakayekitumia atakuwa na leseni ukutani. Hakitakuambia magonjwa 40 kwa dakika moja. Kitakuambia jambo moja ama mawili, kwa namba, na kikuambie pia ni wapi huwa kinakosea. Mpaka siku hiyo, kama una kiu isiyoisha, unakojoa kila saa ama mzazi wako ana kisukari, ingia hospitali ya karibu upimwe sukari kwa kidole.